Jumapili za Mama Geng

Kwenye korido yetu pale taasisi ya utafiti wa jamii hakuna Mchina ambaye hajachunguzwa. Chumba cha kwanza yuko mama anayeandika juu ya wazee wanaocheza dansi viwanjani. Anayefuata anafuatilia vijiji vilivyobaki na mabibi na wajukuu tu. Yuko wa mahekalu, yuko wa wachumba wanaoletwa kutoka nchi jirani, na yuko mmoja ambaye miaka nenda rudi anasoma jinsi watu wanavyopanga foleni hospitalini, na mwenyewe akiumwa haendi. Geng Yichuan ni wa vijana wanaopeleka vyakula majumbani kwa pikipiki. Mimi, Tan Lanyin, ni wa wazazi wanaokwenda bustanini kila Jumapili kuwatafutia watoto wao wachumba.

Tulipendana kwa sababu ya birika. Birika pekee lililokuwa zima lilikuwa chumbani kwangu, mengine yote ya korido yalikuwa yameungua. Yichuan alianza kuja kuchota maji ya moto, kisha akawa anakuja na kikombe kitupu na kuondoka nacho kikiwa kitupu vilevile. Wenzetu, ambao kazi yao ni kuona mambo ya watu, waliliona hilo kabla yetu.

Jumamosi moja ya Desemba, theluji ikianguka mji wote wa Taiyuan huku kaskazini, alinipeleka kwa mama yake kwa mara ya kwanza. Nyumba iko ghorofa ya tano na lifti hakuna. Nilibeba chai ya kwetu Hunan, kusini, na machungwa. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama, akanipangusa theluji begani polepole zaidi kuliko theluji yenyewe ilivyohitaji.

"Mambo ya Changsha leo tuyaache," alisema.

Changsha, huko huko Hunan, ndiko nilikoolewa, na ndiko nilikoachika.

"Akiniuliza je?"

"Hatakuuliza. Atakutazama tu, mpaka utamani akuulize."

"Unanitia moyo kweli."

"Lanyin." Alinitazama kwa yale macho yake yanayochelewa kuondoka. "Akikukataa, nitamwomba tena. Akikataa tena, nitamwomba tena. Baba amefariki, sina mwingine wa kumwomba. Bila yeye kukubali siwezi, unalijua hilo."

Nilikuwa nalijua. Yichuan alilelewa na huyo mama peke yake tangu akiwa darasa la nne. Kuoa huku mama yake amenuna kungekuwa kama kula huku mtu amekusimamia mlangoni. Nikampenda kwa hilo pia, ingawa halikunisaidia kitu.

Mlango ukafunguliwa kabla hatujabisha.

Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka sitini na kitu, sweta ya zambarau, nywele zimebanwa nyuma. Alinitazama. Nikamtazama. Mkono wake ukabaki kwenye kitasa.

Nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu kwenye benchi moja, Jumapili baada ya Jumapili, tangu majira ya kuchipua.

Bustanini kule hakuna majina. Wazazi wanatandika karatasi zao juu ya miavuli iliyofunguliwa, wanaandika sifa za mtoto, na kila mzazi anaitwa kwa mwaka aliozaliwa mtoto wake. Huyu alikuwa Mama wa Tisini, na mimi nilikuwa Mwalimu tu. Mwanaye wa mwaka tisini alikuwa mrefu, msomi, mpole, mwenye nyumba, hanywi, havuti, hana mfano wake kaskazini yote. Alimsifu sana kiasi kwamba mimi, niliyekuwa nakunywa chai na mtu huyohuyo kila siku, sikumtambua.

"Mama, huyu ndiye Lanyin," alisema Yichuan.

"Karibu ndani," alisema Mama Geng. "Kuna baridi."

"Asante, Shangazi," nilisema, kama tunavyowaita kwa heshima kinamama wa rika lake. "Nimefurahi kukufahamu."

Ndivyo tulivyokubaliana bila kusemezana. Nilivua viatu, nikavaa ndara za wageni, nikakaa.

Kilichoniogopesha si kwamba nilimjua. Nilijua siri yake. Pale bustanini kulikuwa na mjane mwenzake, Mzee Pang, fundi mstaafu wa vichwa vya treni, anayemtafutia mume binti yake aliyeko Dalian. Kila Jumapili alimtangulia Mama wa Tisini, akatandika gazeti juu ya benchi ili asikalie baridi, kisha akafungua chupa ya chai. Alipokuja mzazi mwenye binti wa kufaa, Mama wa Tisini alimtoa binti huyo kasoro: mfupi, mrefu, anacheka sana, anafanya kazi benki. Mzee Pang naye aliwakataa wakwe vivyo hivyo. Siku moja nilimuuliza Mama wa Tisini kwa nini, naye akaniambia ukweli wote, akilia kidogo, kisha akaniambia, "Mwalimu, hili mwanangu asilijue. Niahidi." Nikamwahidi. Na ili asijione yuko uchi peke yake, nami nikampa langu: nikamweleza habari za Changsha. Hivyo ndivyo kazi yetu inavyofanyika. Huwezi kumvuta mtu maneno huku wewe umefunga mdomo.

Mama Geng aliingia jikoni, akarudi na sahani. Akaweka mezani jiaozi, vile visambusa vya kuchemsha, zinatoka mvuke. Akaongeza siki na kitunguu saumu.

Vijiti vya kulia vya Yichuan vikaishia njiani.

"Mama. Hizi ni nini?"

"Huoni? Jiaozi. Nyama ya kondoo na karoti."

"Mgeni kafika leo kwa mara ya kwanza, unampa jiaozi?"

"Kwani hapendi?"

Kaskazini mgeni anayefika hupikiwa tambi, ndefu, zimfunge miguu abaki. Jiaozi hupewa anayeondoka. Mama Geng alidhani mtu wa kusini kama mimi halijui hilo. Alisahau kwamba mtu huyo analipwa mshahara kwa kuyajua mambo ya namna hiyo. Nilichukua moja, nikachovya kwenye siki, nikala.

"Tamu, Shangazi."

"Kula, mwanangu. Njia ya kwenu ndefu."

"Anakaa mtaa wa pili kutoka hapa," alisema Yichuan.

"Hunan ni mtaa wa pili?"

"Mama, kama una neno, liseme."

Mama Geng aliketi. Alinisogezea sahani karibu zaidi, kwa adabu, jambo lililonifanya nijione nimeshafika kituo cha treni.

"Una umri gani, binti?"

"Thelathini na saba."

"Umemzidi Chuan."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kitabu umesoma mpaka mwisho."

"Nimesoma kiasi."

"Mna watu wangapi pale kazini wanaosoma watu, na wenyewe hawajaweza kuoa wala kuolewa?"

"Wengi," nilisema. "Tunaweza kuandika makala."

Nusura acheke. Niliiona kona ya mdomo wake ikitikisika, kama ilivyokuwa ikitikisika pale kwenye benchi, kisha akaifunga.

"Mama, haya tumeshayazungumza," alisema Yichuan.

"Mmeyazungumza nyinyi wawili. Mimi sikuwepo. Sikiliza, sina ubaya naye. Ana adabu, anakula vizuri, haringi. Lakini mtu aliyeolewa Changsha akashindwa, hapa Taiyuan ataweza nini?"

Bomba la kupasha moto nyumba lilikuwa likigonga ukutani.

"Umejuaje habari za Changsha?" aliuliza Yichuan.

Mama Geng alishika kijiti kimoja, akakilaza. "Si umeniambia wewe."

"Sijakwambia."

"Basi nimesikia huko."

"Huko wapi? Mji huu wote wanaojua ni wawili, na wote wamekaa kwenye meza hii."

Mama Geng akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kunitazama kama tunavyotazamana bustanini, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Yichuan aliyafuata macho ya mama yake mpaka kwangu. Si mjinga. Anaishi kwa kusikiliza yale ambayo vijana wa pikipiki hawayasemi.

"Lanyin, unamjua mama yangu?"

"Swali hilo siwezi kulijibu."

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jibu la kukwepa. Kwa sisi wa korido ile lilikuwa jibu kamili. Anayezungumza nasi tunamwahidi kwamba hatutasema alichosema, wala hatutasema kwamba alisema. Yichuan mwenyewe anawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza sheria hiyo, na huwa mkali.

"Kwa hiyo umemhoji."

"Sijasema hivyo."

"Bustanini." Akamgeukia mama yake. "Mama, wewe unakwenda bustanini? Si uliniambia Jumapili unakwenda mazoezini?"

"Kule nako natembea."

"Unaniuza mimi? Pale, na miavuli?"

"Sikuuzi. Hakuna aliyefika bei."

Siku nyingine tungecheka wote watatu. Yichuan alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Uso wake ulikuwa umepauka, na alipozungumza alizungumza nami.

"Tangu lini?"

"Nimejua ni mama yako mlango ulipofunguliwa. Hilo ni langu, naweza kulisema."

"Nitaaminije? Pengine tangu birika nilikuwa sehemu ya utafiti. Kijana wa mwaka tisini, mama mjane, anakunywa chai nyingi."

"Usiniambie hivyo."

"Basi niambie wewe. Alikwambia nini?"

"Muulize mwenyewe. Yuko hapo."

"Nakuuliza wewe."

"Chuan, mimi ningekuomba uniambie walichokwambia vijana wako, ungeniambia?"

"Wale si mama yako."

"Ndiyo. Na huyu ni mama yako. Kwa hiyo ndiyo kabisa siwezi."

Alikaa tena. Alishusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Yichuan akipaza sauti hasira huwa imeshaanza kuisha.

"Kuna kitu kinamsumbua mama yangu. Nimekulia naye nyumba hii, na hadi leo nakuja kumwona, sijakijua, na wewe unakijua. Nikikuoa, maisha yangu yote nitakula na watu wawili wanaonificha jambo moja. Siwezi kuishi hivyo, Lanyin. Kama huwezi kusema sasa, mimi na wewe sijui tunakwenda wapi."

Nilimpenda. Naliandika hivyo bila kulipamba, maana kazini nimezoea kuandika kwamba mhojiwa fulani anaeleza kuwa anapenda. Mimi nilimpenda mtu huyu, mikono yake yenye nyufa za baridi, kikombe chake kitupu. Na ushindi wangu wote ulikuwa kwenye sentensi moja fupi. Ningeitamka, mama angekosa pa kusimama na pingamizi lake lingeanguka pale pale mezani. Angekuwa na kosa kubwa kuliko umri wangu na Changsha yangu. Yichuan angekasirika naye, si nami. Niliihisi sentensi hiyo mdomoni ikiwa imekamilika, na nukta yake.

Nikasimama.

"Asante kwa chakula, Shangazi. Nimeshiba."

"Unakwenda wapi?" aliuliza Yichuan.

"Nyumbani."

"Yaani bora uondoke kuliko kusema?"

"Niliahidi mtu," nilisema. "Nikiweza kumvunjia ahadi mtu ambaye si kitu kwangu, wewe uliye kitu kwangu utanishika kwa lipi?"

Nilivua ndara, nikaanza kuvaa viatu vya theluji. Zipu ya kushoto ikakwama. Niliivuta, ikakataa, nikaivuta tena, na machozi yakaanza kunitoka, nikashukuru nimeinama. Ni aibu kubwa kuachwa na mtu huku unapigana na kiatu.

"Kaa chini," alisema Mama Geng.

Nilidhani anamwambia mwanaye.

"Binti, nakwambia wewe. Kaa. Na wewe, Chuan, kaa vizuri, usinikalie kama polisi."

Tukakaa. Mimi nilikuwa na kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili. Mama Geng aliipanga sahani yake sawasawa na ukingo wa meza.

"Anaitwa Pang Shiquan," alisema.

"Nani?"

"Mtu ninayekwenda kumwona Jumapili. Alikuwa fundi wa treni. Ana binti mmoja, mke wake alifariki kwa ini. Huyu Mwalimu anamjua." Akavuta pumzi. "Haya, nimesema mwenyewe. Hajavunja kitu."

Nimemwona Yichuan akisikiliza watu waliokatwa mguu kwa ajali za pikipiki bila kupepesa, lakini hapa alipepesa.

"Mtu... yaani rafiki?"

"Rafiki nisingemficha."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule uliponunua nyumba yako ukahama. Nilikwenda bustanini kukutafutia mke kweli, usidhani nilikuwa nafanya mchezo. Yeye akanipa nafasi kwenye benchi." Akasogeza siki pembeni. "Sasa ukioa, mimi nitakwenda bustanini kumtafutia mke nani? Mwanamke mzee anakaa pale kila Jumapili na mwanaye ameshaoa, watu watasema amefuata nini? Wewe ungesema amefuata nini?"

"Kwa hiyo hukumkataa Lanyin kwa ajili ya Changsha."

"Changsha naikataa pia. Nina sababu zaidi ya moja."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama Geng alimtazama mwanaye. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyetua mzigo akakuta mikono bado imekakamaa.

"Uliniuliza lini?" alisema. "Vijana wa mji mzima unawauliza wamekula nini, wamelala wapi, wanamkumbuka nani. Umewaandikia kitabu. Mimi ukija unaniuliza soksi zako ziko wapi."

Yichuan aliinamisha kichwa. Vidole vyake viliusugua ukingo wa meza, na mimi sikumsaidia. Haikuwa nafasi yangu. Kisha akavuta kiti chake upande wa mama yake.

"Ni mtu wa namna gani?" aliuliza.

"Nani?"

"Mzee Pang. Niambie. Anapenda nini?"

"Anapenda kelele." Mama Geng alishangaa kujisikia akijibu. "Redio yake inasikika mpaka lango la bustani. Masikio yake yaliharibiwa na treni. Ukizungumza naye lazima useme kila kitu mara mbili."

"Na wewe unavumilia?"

"Baba yako alisikia kila kitu mara ya kwanza, na hakujibu. Huyu akishasikia anajibu."

Yichuan akacheka, kicheko kidogo, kilichovunjika katikati. Mama Geng akanigeukia.

"Mwalimu, hebu. Wazee kama sisi, pale bustanini, wako wengine?"

"Majina siwezi, Shangazi."

"Sitaki majina."

"Wapo."

"Wameoana?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Wanawaogopa watoto wao."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei anayoijua. Hakumtazama mwanaye. Yichuan ndiye aliyemtazama, na alimtazama vile alivyokuwa akinitazama mimi na kikombe chake mkononi, asijue aanzie wapi. Akachukua simu ya mama yake juu ya friji, akaiweka mbele yake.

"Mpigie."

"Nimpigie niseme nini?"

"Mwambie mwanao anamkaribisha kwa chakula."

"Leo? Theluji yote hii?"

"Leo."

"Hatasikia."

"Mwambie mara mbili."

Mama Geng aliishika simu kwa mikono miwili. Alipiga, akasimama, akatugeuzia mgongo. Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye simu kwa nguvu mno, chumba kizima kikaisikia ikiuliza kama kuna mtu amekufa. "Hakuna aliyekufa," alisema Mama Geng. "Nasema hakuna aliyekufa. Mwanangu anakuita kula. Mwanangu. Ndiyo, anajua." Kisha sauti ileile, sasa ndogo kabisa, ikasema anavaa viatu, si mbali.

Yichuan alichukua koti lake akasema anakwenda kumpokea lango la chini, mzee asije akateleza ngazini. Alipopita kwangu alipiga magoti, akaishika zipu yangu iliyokwama, akaitelezesha chini, akanivua kiatu na kunivisha ndara. Mkono wake ulibaki kidogo juu ya kifundo cha mguu wangu. Halafu akatoka.

Tukabaki wawili. Mama Geng alikwenda kwenye kioo cha ukutani, akafungua nywele zake. Ziliteremka mpaka mabegani, nusu nyeupe. Alijaribu kuzibana tena, kibanio kikamteleza, akajaribu tena.

"Njoo hapa," alisema. "Huku nyuma sioni."

Nikaenda, nikazikusanya nywele zake mkononi.

"Usidhani nimeshakukubali," aliniambia kwenye kioo.

"Sidhani, Shangazi."

"Changsha bado nitakuuliza."

"Niulize."

Chini kule mlango wa jengo ukafunguliwa, na sauti ya mzee asiyesikia vizuri ikapanda ghorofa zote tano ikimwambia mtu kwamba anaitwa Pang, Pang. Mama Geng akafumba macho.

"Basi kaza kidogo hapo, binti yangu," alisema. "Zisije zikaanguka."